Unga wa Mashine ya Mama Victoire

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, Kabambare. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapungua saa moja, na baada ya hapo yakabaki manyunyu na ukungu uliokaa juu ya migomba bila kutaka kuondoka.

Siku hiyo ilikuwa ya kumi na mbili tangu tuzike mtoto wa binti yangu Rosine, na ya kumi na mbili tangu Rosine aache kula. Mtoto aliishi siku mbili. Alikuwa mvulana, na hatukuwahi kumpa jina. Rosine ana miaka ishirini na miwili, na kati ya watoto niliozaa ndiye peke yake niliyebaki naye. Alikuwa amelala mkekani, uso ukutani. Maji alikunywa. Uji alimeza vijiko viwili, kisha ukarudi wote, na yeye akaniomba msamaha kana kwamba amevunja sahani yangu.

Muganga Antoine wa kituo cha afya alikuja Jumatatu. Alimpima, akaniita nje. Alisema kuna ubaya ulioingia kwenye damu tangu kujifungua, na vidonge vya kuuondoa alikuwa navyo, lakini vidonge vile havikai kwenye tumbo tupu. Rosine alikwisha kuvitapika mara nne. Kama hadi Alhamisi hajashika chakula, itabidi apelekwe Kasongo. Nilimwuliza kama mtu wa hali ile anaweza kufika Kasongo juu ya pikipiki, na barabara hii. Antoine aliangalia buti zake za mvua. Sikuuliza mara ya pili.

Nilikuwa nimefunga siku tatu kwa ajili yake. Nilimwambia Mungu: mimi nisile, yeye ale. Sasa hakuna aliyekuwa akila katika nyumba ile.

Jumanne hiyo asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kando ya mkeka, sina tena maneno ya kuomba, nikasikia sauti yake. Hakugeuka. Aliusemesha ukuta.

"Mama, kama kungekuwa makaroni, ningekula."

Sikumwuliza arudie, niliogopa asije akayafuta. Makaroni alikuwa amezoea kula Kasongo, mwaka ule alioishi huko na Alain, kabla Alain hajamwacha na mimba na kwenda kuchimba dhahabu Lusangi. Yale marefu, na tomati. Alikuwa ametaja chakula. Na kwetu, mgonjwa akitaja chakula, unakitafuta na kumpa kabla jua la siku hiyo halijazama. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Walituambia kwamba ukimwacha mgonjwa alale na tamaa yake, kesho haamki nayo, na hataji tena kitu.

Nilivaa kanga ya pili kichwani, nikatoka kwenye manyunyu.

Duka la kwanza hakuna. Duka la pili mwenye duka aliniambia pakiti ya mwisho iliondoka mwezi wa tisa, kabla daraja halijaharibika na malori kuacha kuja, na tangu hapo wenye pikipiki wanabeba chumvi, sabuni na mafuta ya taa tu. La tatu walicheka kidogo, si kwa ubaya, wakaniuliza kama nina wageni kutoka Ulaya. Kijana mmoja alisema labda Wamaza. Kwenda Wamaza na kurudi, katika matope yale, jua lingezama mara mbili.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikakaa jikoni. Hapo ndipo nikakumbuka daftari langu.

Mwaka huu nimekuwa nikienda darasa la jioni, pale kanisani kwetu. Nina miaka hamsini na mitatu. Mwalimu wetu, Monsieur Nathanaël, hutupa maandishi ya kunakili, na mwezi wa nane alituletea karatasi moja ya zamani ya mapishi aliyopewa na masista. Niliinakili yote, pole pole, ulimi nje kama mtoto. Makaroni ya nyumbani. Chukua unga uliosagwa leo, mayai mawili, chumvi kidogo, maji baridi. Kanda. Tandaza. Kata vipande vyembamba. Tia kwenye maji yanayochemka.

Nililia nilipoiona. Nilisema, Mungu wangu, kumbe tangu mwezi wa nane wewe ulikuwa unaijua Jumanne hii. Na kwa sababu niliamini ni yeye aliyeiweka daftarini mwangu, niliamua kuifuata neno kwa neno, nisiongeze wala nisipunguze. Karatasi ilikuwa ya unga wa ngano, nilijua. Ngano hailimwi kwetu, na unga wake haukuwapo dukani. Lakini nilikuwa na mchele, vikombe vinane vilivyobaki vya shamba langu, nikasema unga ni unga.

Mdogo wangu Nadine alifika akanikuta nimekwisha kuuloweka mchele wote. Sisi tukitaka kutwanga mchele uwe unga tunauloweka kwanza, ndipo unavunjika vizuri. Nadine ni mcheshi hata kwenye kilio, Mungu alimuumba hivyo. Aliniuliza tunatwanga nini asubuhi hii ya mvua. Nilimwambia. Akachukua mchi wa pili.

Tulitwanga nusu ya mchele tukachekecha. Mayai sikuwa nayo ila ya kuku wangu mmoja, na kuku huyo alikuwa ameyalalia siku nyingi. Alinidonoa mkono hadi damu. Niliyachukua manne. La kwanza nilipolivunja lilikuwa na damu ndani, na jicho. Nililifunika haraka kwa jani la mgomba, nikaenda kulizika nyuma ya jiko, mbali na dirisha la Rosine. La pili hivyo hivyo. La tatu na la nne yalikuwa mayai viza ya zamani ambayo hayakushika, lakini hayakuwa na harufu mbaya. Nadine aliyanusa mara tatu kwa ajili yangu. Kwa kuwa unga ulikuwa nusu, nilitia moja, la pili nikaliweka akiba.

Nilikanda na maji baridi, kama karatasi ilivyosema. Unga ulijikusanya kidogo, ukapasuka. Nikaongeza maji, ukawa tope. Nikaongeza unga, ukapasuka tena. Mwishowe tulipata kitu cha kutandaza, na hatukuwa na cha kutandazia ila chupa. Nadine alikimbia kwa jirani, akarudi na chupa ya bia.

"Yaya Régina," alisema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "leo Primus imeingia kwa mama wa maombi. Nitafunga mulango watu wasione."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka baada ya siku kumi na mbili, na nikaona haya mara moja.

Tulikata vipande. Nilivitia kwenye maji yanayochemka, nikahesabu hadi kumi nikiomba kwa kila hesabu. Nilipotazama sufuriani, hakukuwa na kipande hata kimoja. Kulikuwa na uji. Uji mweupe, na juu yake povu.

Nadine hakusema kitu cha kuchekesha. Kutoka chumbani Rosine aliuliza kwa sauti ndogo kama tayari. Nilimwambia bado kidogo mama yangu, bado kidogo.

Nilisoma karatasi tena, kidole juu ya kila neno. Unga uliosagwa leo. Uliosagwa, si uliotwangwa. Nikaelewa, au nilifikiri nimeelewa. Kosa ni la kinu. Unga wa kinu una chembe, haushikani. Ilitakiwa mashine.

Mashine inayofanya kazi katika mtaa wetu ni moja. Ni ya Papa François na mke wake Mama Victoire, wazazi wa Alain.

Lazima niseme hapa jambo nililofanya siku ya maziko. Kutoka kwa watu wa Alain hakuja hata mmoja. Hakuja Alain, hakuja baba yake, hakuja mama yake, ingawa nyumba yao unaiona kutoka makaburini. Na si hilo tu. Tulipokuwa tunamshusha yule mtoto, mjukuu wao kama alivyokuwa mjukuu wangu, mashine yao iliwashwa. Ilinguruma tangu sala ya kwanza hadi udongo wa mwisho. Mchungaji alilazimika kupaza sauti. Niliinama, nikashika udongo wa kaburi mkononi, nikasema kwa Kibangubangu, ili hata wanaolala pale wasikie, kwamba unga uliopita katika mashine ile hautaingia tena nyumbani mwangu wala kinywani mwa mwanangu. Watu wote walisikia. Mchungaji alikuwa ametufundisha mara nyingi tusiape. Niliapa.

Na kiapo cha udongo wa kaburi kwetu si maneno ya hasira ya kwenye kisima. Ukikivunja kimya kimya, hakikurudii wewe. Kinamrudia uliyemtaja. Na mimi nilikuwa nimemtaja Rosine.

Nilipiga magoti pale jikoni, karibu na sufuria ya uji ule. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia nyingine. Nilimwambia, wewe unajua mahali kuna mashine nyingine, unajua mahali kuna pakiti moja imesahaulika kwenye sanduku la mtu. Nilisubiri. Manyunyu yaliendelea. Kuku wangu alikuwa akizunguka kiota chake akitafuta. Nilinyanyuka bila jibu, nikachukua nusu ya mchele iliyobaki na chekeche langu, nikaenda.

Wanawake watano walikuwa wamejipanga chini ya paa la bati, na mabeseni ya mihogo na mahindi. Waliponiona walinyamaza, kwa maana watatu kati yao walikuwa makaburini siku ile. Mmoja hakuweza kujizuia.

"Mama Rosine, kinu kimevunjika?"

Nilisimama mwisho wa mstari. Mama Victoire alikuwa kwenye mashine, nywele na kope nyeupe kwa unga, kitambaa kimefungwa mdomoni. Aliniona. Alimaliza beseni la mtu, akamaliza la mwingine, na zamu yangu ilipofika alitia mkono katika mchele wangu, akautoa.

"Hii siwezi kusaga," alisema.

Nilimwambia kwamba anaweza kunichukia mimi atakavyo.

"Sikuchukii. Muchele yako iko na maji. Itaziba mashine."

Kweli, nilikuwa nimeuloweka wote. Na mvua ile, ungekauka lini? Nilitazama juu, nikatafuta jua nyuma ya ukungu. Lilikuwa limepita katikati. Nilitaka kugeuka, lakini miguu yangu, siku tatu bila chakula, haikugeuka. Nikakaa pale chini kwenye matope mbele ya wanawake wale wote.

Mama Victoire alizima mashine. Aliuliza ninasaga kwa ajili ya nini.

"Rosine ametaja chakula," nilisema.

Hawakuhitaji maelezo. Yule aliyenidhihaki ndiye aliyenishika mkono kunisimamisha. Mama Victoire aliingia nyumbani kwake, akatoka na mchele mkavu, wa kwao, akaumimina kwenye mashine bila kunipimia. Wangu wenye maji akauchukua kwenye beseni lake. Unga ulipotoka ulikuwa laini kama poda, na wa moto. Niliukumbatia kifuani mwangu chini ya kanga, na joto lake lilipita hadi kwenye ngozi. Nilitaka kumwachia kikombe kimoja cha unga, kama wote wanavyolipa. Alikirudisha ndani ya beseni langu.

Njiani nilimwambia Mungu kwamba nimevunja kiapo, na kama kuna adhabu, jina langu ni Régina na anajua ninapoishi, asikosee nyumba.

Nyumbani tulianza upya. Yai lililobaki lilikuwa moja. Unga mpya, chumvi, maji baridi. Neno kwa neno. Nilikanda kwa nguvu zote nilizobaki nazo, Nadine akinifuta jasho. Ulikuwa mweupe, ulikuwa mzuri, na nilipoutandaza kwa chupa ulipasuka kama udongo wa kiangazi. Nilijaribu kipande kimoja tu kwenye maji. Kiliyeyuka nikikitazama.

Sasa sikuwa na la kumwambia Mungu. Nilikuwa nimemchukulia kuku watoto wake, nimevunja kiapo nilichoapa juu ya mjukuu wangu, nimemtia mwanangu katika hatari ya pili juu ya ile ya kwanza, na yote hayo kwa ajili ya uji. Jua lilikuwa limefika juu ya michikichi ya upande wa magharibi. Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko. Nadine aliniambia niamke, nikamwambia aniache. Alisema Rosine atasikia. Nikauma kanga ili asisikie.

Mtu alibisha. Sikuinua kichwa. Nilisikia Nadine akimwambia huyo mtu kwamba si wakati wake, na sauti ya Mama Victoire ikajibu kwamba ameleta chekeche langu, nililisahau kwenye mashine. Nafikiri alikuwa anaangalia beseni.

"Nani alikufundisha kukanda unga ya muchele na maji baridi?" aliuliza.

Nilisema ni karatasi.

"Karatasi." Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Hiyo karatasi imesonga bugali mara ngapi? Weye Mama Rosine umesonga bugali miaka makumi ine. Unga yetu inashikana na moto. Unajua hii. Hata mutoto anajua."

Niliinua kichwa. Nilimtazama, kisha nikatazama mwiko wangu uliokuwa umening'inia ukutani mahali pake pa kila siku. Alisema kweli. Mikono yangu ilijua tangu asubuhi. Niliipiga marufuku, kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Nilisubiri nusu karne kusoma, na nilipoweza kusoma nikafikiri kilichoandikwa kinajua kuliko mimi, hata jikoni mwangu.

Hatukuwa na muda wa kuongea. Nadine alipuliza moto. Nilitia maji na chumvi, yakachemka, nikamimina unga uliobaki kwa mkono wa kushoto na kusonga kwa mkono wa kulia. Mkono ulipochoka Mama Victoire aliushika mwiko bila kuuliza, akasonga yeye. Unga ulishikana. Ulizunguka sufuriani kipande kimoja, unang'aa. Tuliupindua kwenye ubao, tukautia konzi ya unga wa mihogo na mafuta kidogo, tukaukanda ukiwa bado unaunguza vidole, mikono minne, yake na yangu, ikigongana. Ulitandazika chini ya ile chupa kama kitambaa. Nadine alikata. Vipande vilikuwa virefu, vingine vinene, vingine vimepinda. Nilivitia kwenye maji nikafunga macho.

"Fungua macho," alisema Nadine. "Vinaelea."

Muganga Antoine alifika tukiwa tunamwagia tomati. Alikuwa na vidonge vya jioni. Jua lilikuwa limegusa michikichi. Nilibeba sahani, tukaingia chumbani sote wanne, kwa maana nilikuwa nimesahau kuwazuia.

Rosine alikuwa amegeuka. Alikuwa anatazama mlango. Aliona sahani, na macho yake yakafunguka. Kisha akamwona Mama Victoire nyuma yangu, na vumbi la unga bado kwenye nywele zake.

Aliuliza unga umetoka wapi. Sikuweza kumdanganya.

Alirudisha uso ukutani. Alisema pole pole kwamba yeye hatakula kitu cha watu waliosaga siku mtoto wake anazikwa. Aliisikia ile mashine akiwa amelala pale pale, hawakumruhusu kwenda makaburini, na kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha mtoto wake ni ile kelele.

Antoine alinitazama. Mimi nilitazama sahani, na mvuke wake unaopungua.

Mama Victoire alipiga magoti kando ya mkeka. Aliongea na mgongo wa Rosine. Alisema hawakuwa wameleta hata mbuzi mmoja wa mahari, na Rosine anajua desturi: watu ambao hawajaleta kitu hawakai kwenye kilio, hawamlilii mtoto kwa sauti, wakilia wanafukuzwa mbele ya watu. Papa François alimkataza kutoka. Alain alitumiwa ujumbe Lusangi na hakurudi. Yeye mwenyewe alibaki peke yake katika nyumba ile, na kutoka dirishani anaona kila kitu.

"Mukamwana wangu, siku ile ndani ya mashine hapakuwa na nafaka. Hata punje. Niliiwasha bure, ili nipate kulia na watu wasisikie."

Nadine alikuwa amefunika mdomo. Mimi nilikumbuka mngurumo ule, na nikakumbuka kwamba ulikuwa mkavu na mwembamba, si mzito kama mashine inayokula mahindi. Niliishi karibu na mashine ile miaka yote. Ningeweza kujua. Sikutaka kusikiliza.

Baada ya muda mrefu Rosine aligeuka. Alimtazama yule mwanamke, hakumgusa. Kisha akanitazama mimi.

"Na udongo, mama? Uliapa na jina yangu."

Kwetu kiapo cha namna ile hakifunguliwi moyoni. Kinafunguliwa kwa sauti, mbele ya waliokisikia. Nadine alikuwa amekisikia. Antoine alikuwa makaburini, alishika kamba. Nilipiga magoti upande wa pili wa mkeka, nikaweka kiganja sakafuni, kwenye udongo wa nyumba. Nilisema kwa Kibangubangu, kisha kwa Kiswahili ili Antoine ashuhudie, kwamba maneno niliyoyafunga juu ya kaburi la mjukuu wangu nimeyafungua, kwamba niliyasema bila kujua, kwamba kama yanataka mtu wa kumrudia basi yanirudie mimi na yamwache yeye. Nikaomba msamaha kwa Mungu kwanza, halafu kwa Mama Victoire. Nadine akasema amesikia. Antoine akasema amesikia.

Tulimkalisha Rosine, mgongo wake kwenye kifua changu. Nilihisi mifupa yake yote. Mama Victoire alishika sahani, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imemzunguka Rosine. Kipande cha kwanza Rosine alikitafuna kwa muda mrefu sana. Alimeza. Tulingoja. Cha pili. Alisema kinanata. Nadine akamwambia makaroni ya Kasongo yanateleza kwa sababu hayana watu wa kuyapenda, na Rosine akatikisa kichwa kidogo, kama anasema huyu naye. Alikula vipande saba. Nilivihesabu. Antoine alimpa vidonge viwili na maji, kisha akakaa kwenye kigoda na kutazama saa yake, na sisi tukatazama uso wa Antoine.

Mara moja Rosine alifumba macho na koo lake likapanda, na mimi nikaita jina la Yesu ndani ya nywele zake. Likashuka. Nje jua lilikwisha kuzama, rangi ilikuwa imebaki kwenye ukungu tu. Ilipita nusu saa. Vidonge havikurudi.

Antoine alisimama. Hakutabasamu, ni mtu asiyependa kuahidi watu mambo. Alisema siku moja si kitu, kwamba vidonge ni vya siku kumi, na kila siku inataka chakula chake. Alisema anaweza kurudi kesho asubuhi akiwa na vidonge, lakini hataki kuja kuvitazama vikitapikwa. Akamwuliza Rosine mwenyewe, si mimi, kama arudi.

Nilihisi akivuta pumzi kwenye kifua changu. Kisha aliinua mkono, akaugusa mkono wa Mama Victoire uliokuwa bado umeshika sahani, akaongea na sisi wote.

"Kesho nitakula," alisema. "Na kesho kutwa. Ninasema mbele yenu, mumesikia wote. Mama Victoire, usage tena."